Mashine Si Mchezo

Wapo watu, na si haba, ambao kila mashine mpya ya michezo ya video inapotangazwa huuliza swali moja tu: ina nini ambacho dunia haijapata kukiona? Wakijibiwa kwamba ni ile ile ya jana iliyoongezwa kasi na upana wa kioo, hununa. Husema kampuni imeishiwa na akili. Ndivyo walivyonuna Juni 2025, Nintendo ilipotoa Switch 2, ambayo kwa kuitazama ni Switch ya mwaka 2017 iliyonenepa kidogo. Ndivyo walivyoinunia pia PlayStation 5 ya mwaka 2020, eti haikuleta mapinduzi, imeleta tu michezo ya PlayStation 4 inayofunguka upesi zaidi.

Nimeandika kurasa hizi kuwapinga. Nasema kwamba michezo haihitaji mapinduzi ya chuma na waya ili isonge mbele. Tena nasema kuwa kiu hii ya mapinduzi imewagharimu wachezaji na watengenezaji kuliko ilivyowafaa, na kwamba wanaoilipia zaidi ni wale wasiokuwa nacho. Msomaji asiyejali michezo ya video asifunge kitabu. Bila shaka naye amewahi kuambiwa kuwa redio yake, au simu yake, imepitwa na wakati siku ile ile alipomaliza kuilipia.

Nianze na mtu mmoja aliyelijua jambo hili kuliko sisi sote. Gunpei Yokoi aliajiriwa Nintendo, mjini Kyoto, mwaka 1965, kampuni hiyo ilipokuwa bado ikiishi kwa kutengeneza karata. Kazi yake ilikuwa kuzitunza mashine za kiwandani. Katika nafasi zake za mapumziko akajiundia kidude cha kuchezea, mkono wa vijiti vinavyokunjuka kama mkasi na kushika kitu kilicho mbali. Mkubwa wa kampuni akamwona, na badala ya kumfukuza akamwamuru akigeuze kiwe bidhaa. Kidude hicho, Ultra Hand, kilitoka mwaka 1966 na kikauzwa zaidi ya milioni moja. Ndani yake hamkuwa na umeme hata chembe.

Kutoka hapo Yokoi akajenga falsafa ambayo naiweka kwa Kiswahili changu hivi: chukua teknolojia iliyonyauka, uitazame kutoka ubavuni. Kunyauka si kuoza. Alikuwa na maana ya kifaa ambacho kimezoeleka, kila kiwanda kinajua kukitengeneza, kasoro zake zote zimeshajulikana, na bei yake imeshuka hadi chini. Kifaa cha namna hiyo ukikipa kazi ambayo hakuna aliyeifikiria, una kitu kipya mkononi, na wala hukulipa gharama ya upya. Mwishoni mwa miaka ya sabini Sharp na Casio walikuwa wakipigana vita vya vikokotoo, na vita hivyo vikavifanya vioo vidogo vya vikokotoo kuwa rahisi kama njugu. Yokoi akavichukua akatengeneza Game & Watch mwaka 1980, michezo ya mfukoni ambayo pia ni saa. Mwaka 1982 akaiwekea kitufe cha plastiki chenye umbo la msalaba, cha kuendea juu, chini, kushoto na kulia. Kitufe hicho kiko hadi leo katika pedi karibu zote za dunia. Ukikitafuta kipande cha mashine kilichobadilisha michezo kuliko chipu yoyote, utakikuta hapo, na ni plastiki tupu.

Kisha ikaja Game Boy, mwaka 1989. Hapa naomba tukae kidogo, maana kesi yote imo humu.

Game Boy ilikuwa na kioo cha rangi ya kijani iliyofifia, kisicho na taa, na picha zake zilikuwa na vivuli vinne tu. Hata kwa mwaka 1989 ilikuwa dhaifu. Mwaka ule ule Atari ilitoa Lynx: rangi kamili, taa nyuma ya kioo, nguvu za kupindukia. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear, nayo ya rangi, nayo yenye taa. Ungewaketisha wale wanaonuna mbele ya mashine hizo tatu wangechagua nini? Wangeicheka Game Boy. 

Lakini taa hula betri. Lynx na Game Gear zilimeza betri sita ndogo kwa saa chache, nne au tano hivi, kisha zikazima. Game Boy ilikwenda kwa betri nne, saa 15 na zaidi. Game Boy iliuzwa Marekani kwa dola 90 hivi, Lynx kwa dola 180 hivi. Mtoto anayesafiri siku nzima kwenye basi anataka nini, rangi za upinde wa mvua mpaka saa tano za asubuhi, au kijani iliyofifia mpaka afike kwa bibi yake? Pamoja na ndugu yake ya rangi iliyotoka mwaka 1998, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear ilifika milioni 10 hivi. Lynx ilibaki kumbukumbu ya wakusanyaji.

Na ni mchezo gani ulioivusha Game Boy hasa? Ni Tetris. Alexey Pajitnov aliutunga mwaka 1984 akiwa katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi mjini Moscow, juu ya mashine iitwayo Elektronika 60 ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora picha yoyote. Vipande vya mchezo vilikuwa alama za mabano, zile zile anazotumia karani katika barua. Kwa hiyo mchezo uliochezwa kuliko karibu michezo yote duniani ulizaliwa katika mashine isiyoweza kuchora duara. Sisi wa huku tuliujua kwa kidude cha Kichina cha mkononi kilichojidai kuwa na michezo 9999, na tulipohesabu tukakuta ni michezo michache tu iliyobadilishwa kasi. Hakuna aliyekirudisha dukani.

Miaka 7 baada ya Game Boy kutoka, mashine ikiwa kizee katika hesabu ya biashara hiyo, wakatokea Pokémon, Februari 1996. Vijana wa Japani walikuwa tayari na PlayStation na Sega Saturn nyumbani. Wakazifuta vumbi Game Boy zao. Kitu walichokifuata ni waya wa kuunganisha mashine mbili, uliokuwapo tangu mwaka 1989 kwa ajili ya kushindana. Satoshi Tajiri aliuona waya ule akawaza kubadilishana wadudu, kama alivyokuwa akikusanya wadudu utotoni. Hakuongeza hata skrubu moja.

Sasa nimjibu mpwa wangu. Kazi yake ni ya kompyuta, na katika jambo hili hanivumilii. Siku moja alinikatiza: “Lakini mjomba, hao hao unaowasifu ndio waliotajirika kwa uvumbuzi. DS ilikuwa na vioo viwili na cha chini unakigusa. Wii ilikuwa na rungu la kutikisa. Wangetoa mashine ya jana nani angenunua?”

Hoja yake si ya kutupwa. DS ya mwaka 2004 iliuzwa zaidi ya milioni 150, na Wii ya mwaka 2006 zaidi ya milioni 100. Lakini hebu tuzifungue mashine hizo tuone ndani. Kioo cha kugusa kilikuwa katika kompyuta za mfukoni za maofisa tangu miaka ya tisini. Kipimo cha mtikisiko kilichomo katika rungu la Wii ni cha ukoo ule ule wa vipimo vinavyofumua mifuko ya hewa katika magari yanapogongana. Chipu za Wii zenyewe zilikuwa jamaa wa karibu wa zile za GameCube ya mwaka 2001, zikapigwa na wachambuzi kwa udhaifu wake. Kwa hiyo anachokiita uvumbuzi mkubwa wa mashine ni mbinu ile ile ya Yokoi, vitu vilivyonyauka vikitazamwa kutoka ubavuni. Tena upya wenyewe ulichuja. Baada ya miaka michache watu walichoka kutikisa. Nintendo, ikidhani kwamba ni kioja kilichowavuta wateja, ikatafuta kioja kingine, ikatoa Wii U mwaka 2012 ikiwa na pedi yenye kioo kizima katikati. Iliuzwa milioni 13 na nusu hivi, katika maisha yake yote.

Microsoft nayo ilinogewa. Mwaka 2010 ilitoa Kinect, kamera inayouona mwili wako ili ucheze bila kushika kitu. Ilipotoa Xbox One mwaka 2013 ikamlazimisha kila mnunuzi aichukue na kamera hiyo, kwa dola 499, wakati PlayStation 4 ilikuwa dola 399. Mwaka uliofuata ikaanza kuuza mashine bila kamera, na mwaka 2017 ikaacha kuitengeneza kabisa. Niambie, msomaji, ni mchezo gani mmoja wa Kinect ambao watu wanauzungumzia leo kwa hamu? Kumbuka kwamba kamera ile kweli ilikuwa ya ajabu kiufundi. Ajabu yake ilikuwa haina kazi.

Yokoi mwenyewe aliingia mtego huo. Mwaka 1995 jina lake lilikuwa juu ya Virtual Boy, mashine ya kuchungulia kama darubini, picha nyekundu juu ya giza, ikisimama mezani kwa miguu yake huku mchezaji ameinama akiumiza shingo. Vipande vyake vilikuwa vya bei nafuu kama kawaida yake, ila safari hii mshangao ulitangulia na mchezo ukafuata nyuma ukihema. Ziliuzwa pungufu ya laki nane. Mwaka 1996 aliondoka Nintendo, na Oktoba 1997 akafariki katika ajali ya barabarani.

Sikatai kwamba ipo siku chuma kilifungua mlango. Mwaka 1996 Nintendo 64 ilikuja na uwezo wa kuujenga ulimwengu wenye kina, pamoja na kijiti cha kidole gumba kilichojua tofauti ya kunyata na kukimbia, na Super Mario 64 isingewezekana bila hivyo viwili. Kabla yake diski ya PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilibeba mara nyingi zaidi ya kilichobebwa na kaseti. Huo ulikuwa mlango wa kweli. Kutoka ubapa kwenda kwenye kina ni kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Lakini kutoka kwenye kina kwenda kwenye kina kinachong'aa zaidi, chenye jasho juu ya paji la uso la mchezaji mpira na vivuli sahihi chini ya kila jani, ni kupaka rangi chumba ambacho tayari tumo. Wanaodai mapinduzi kila miaka 7 wanadai mlango wa mwaka 1996 ufunguliwe tena na tena, na haufunguki, kwa sababu uko wazi.

Wazee wetu wa pwani hawajapata kudai bao lenye mashimo 40. Ni mashimo 32 na kete 64, na bado anayelijua bao kweli humfunga anayejifunza kabla kahawa haijapoa. Najua nitaambiwa nafananisha visivyofanana. Nimefananisha makusudi.

Sasa niseme kuhusu gharama, maana hapa hasira yangu inaanza kuwa na haki. Sony ilipomaliza kushinda kwa PlayStation 2 iliamini kwamba nguvu ndiyo iliyoshinda. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 2006 ilitoa PlayStation 3 yenye prosesa iitwayo Cell, iliyotengenezwa pamoja na Toshiba na IBM, kazi kubwa ya uhandisi kweli, na iliyowatesa watunzi wa programu kwa ugumu wake. Bei ilikuwa dola 499 na 599. Mashine iliyotangulia ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 160. Hii, kwa jasho jingi na hasara ya miaka, ilifika milioni 87 hivi. Warithi wake, tangu PlayStation 4 ya mwaka 2013, zikarudi kwenye chipu za kawaida za ukoo wa kompyuta za mezani. Hakuna aliyelia.

Lakini gharama kubwa zaidi haimo katika mashine. Imo katika kuijaza. Kila nguvu inapoongezeka, mchoraji mmoja aliyekuwa akichora mti kwa siku moja sasa anahitaji wenzake watano na wiki nzima, kwa kuwa mteja ameshaahidiwa majani. Mwaka 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, nyaraka za Sony zilifutwa vibaya kwa wino na tarakimu zikasomeka: The Last of Us Part II ulikuwa umegharimu dola milioni 220 na watu 200 hivi, Horizon Forbidden West dola milioni 212 na watu 300. Mwenye akili timamu akitoa fedha za namna hiyo hathubutu kujaribu wazo jipya. Atatengeneza cha pili cha kile kilichouzwa, na cha tatu. Grand Theft Auto V, mchezo wa mwaka 2013, umeuzwa upya kwa mashine za vizazi vitatu, na kununuliwa zaidi ya mara milioni 200. Huo ndio usogeaji mbele ambao mapinduzi ya mashine yametuletea: mchezo ule ule mara tatu.

Wakati huo huo tazama mambo mapya yanatoka wapi. Eric Barone alikaa peke yake zaidi ya miaka minne akaandika, akachora na kutunga muziki wa Stardew Valley, mchezo wa kulima uliotoka mwaka 2016, na hadi mwisho wa 2024 ulikuwa umeuzwa zaidi ya nakala milioni 40. Minecraft ni mabonge ya mraba ambayo mtoto wa chekechea angeweza kuyachora. Nakala zake zilipita milioni 300 mwaka 2023. Balatro wa mwaka 2024 umetungwa na mtu mmoja asiyetaka hata kutaja jina lake, na ni karata tu. Karata! Mzunguko mzima tangu Kyoto ya mwaka 1965. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliohitaji mashine mpya.

Kama mtu atasema hiyo ni michezo midogo, nampeleka kwenye mkubwa. Switch ilijengwa juu ya chipu ya Nvidia iliyotangazwa mwaka 2015, na mwaka 2023, juu ya chipu hiyo hiyo, ikatoka Tears of the Kingdom. Ramani ya ardhi yake wachezaji walikuwa wameshaikanyaga katika mchezo uliotangulia wa mwaka 2017. Kilichoongezwa, pamoja na anga juu na mapango chini, ni uwezo wa kuokota kitu chochote na kukigandisha na kingine: gogo na gurudumu, ubao na feni, mpaka watu wakajijengea magari, ndege na mashine za vita ambazo watunzi wenyewe hawakuziota. Uliuzwa nakala milioni 10 kwa siku tatu. Uwezo huo wa kuokota umepewa jina la Ultrahand, lile lile la mkono wa mkasi wa Yokoi. Ilichukua timu iliyokwisha kuijua mashine yake kama kiganja cha mkono. Mashine inayobadilishwa kabla haijajulikana haipati kazi ya namna hiyo.

Na sisi? Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, kwa miaka mingi mfalme alikuwa PlayStation 2 kwenye televisheni ya mgongo mkubwa, vijana wanne kwenye benchi, na mwenye kibanda akihesabu fedha kwa kila mechi. Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na mwaka huo huo bado ilitolewa michezo ya mpira kwa ajili yake. Baada ya hapo watundu wakaendelea wenyewe. Huko Brazil ipo kazi maarufu iitwayo Bomba Patch, ambayo kila msimu hubadilisha timu na majina ya wachezaji katika mchezo wa mpira wa mashine hiyo. PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 mwaka 2000, na kufika 2009 ilikuwa dola 99. Uzee wake ndio uliotufikia. Mashine ilishuka bei, ikavuka bahari ikiwa mtumba, fundi wa mtaani akajifunza kuisafisha lenzi yake, na diski moja ikazunguka mtaa mzima.

PlayStation 5 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499. Agosti 2025 Sony iliipandisha hadi 549 huko Marekani. Mashine ilikuwa imezeeka miaka mitano na bei yake imepanda. Ile yenye nguvu zaidi, PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024, iliuzwa kwa dola 699 bila mahali pa kutia diski. Anayetaka diski anunue kidude chake pembeni. Mchezo aununue kwa intaneti, kwa kadi ya benki, mamia ya gigabaiti zikishuka kwenye mtandao ambao mwenye kibanda anaulipia kwa vifurushi, na akishaununua hawezi kumwazima jirani wala kuuza akiuchoka.

Basi wanaonuna wasininunie mimi. Ninayo orodha yangu ya uvumbuzi ninaoudai, na ni mfupi. Nataka mashine yenye mlango wa diski. Nataka ivumilie umeme kukatika katikati ya mechi bila kupoteza kumbukumbu. Nataka skrubu zake zifunguliwe kwa bisibisi ya kawaida, na kipande kilichoharibika kiuzwe dukani. Na nataka ikae sokoni miaka kumi bila kuguswa, bei ikishuka kila mwaka, mpaka yule kijana wa kwenye benchi aweze kununua yake.